Tuanze na kipi cha Epicurus, na nikimsoma niache kumlilia baba?

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mhasibu, mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Baba yangu alifariki mwaka jana. Msiba ukiwa bado nyumbani, mfanyakazi mwenzangu alinipa karatasi aliyoniandikia maneno ya Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: kifo si kitu kwetu, kwa kuwa tunapokuwepo sisi chenyewe hakipo, na kikija sisi hatupo tena. Maneno hayo yaliniudhi. Lakini hayakunitoka, na baada ya arobaini nikaanza kumtafuta aliyeyasema.

Sasa tuko wanne. Tunakutana Jumamosi mbili kwa mwezi, jioni, kwa saa mbili. Wote tunasoma Kiingereza, ingawa mmoja wetu huchoka upesi kikiwa cha kizamani. Shida ni kwamba hatujakubaliana tusome nini, na tumeanza kununiana.

Mwalimu mstaafu wa fasihi anataka tusome utenzi wa Lucretius, mshairi wa Kirumi aliyeieleza falsafa ya Epicurus, tangu mwanzo hadi mwisho. Tulipofungua Kitabu cha 1 tukakuta sala ndefu kwa Venus, mungu wa kike. Tukamuuliza: si tuliambiwa miungu ya Epicurus haijishughulishi na mambo ya watu? Hakuna aliyekuwa na jibu. Kijana wetu wa kompyuta anasema siku hizi kuna vitabu vya kisasa vinavyoeleza kila kitu, tena hutuma nukuu kwenye simu. Wakili naye anasema tuanze na wapinzani wa kale, Cicero wa Roma na Plutarch wa Ugiriki, kwa sababu asiyesikia hoja za upande wa pili hawezi kuamua kesi. Mimi nilijaribu Barua kwa Herodotus, ya Epicurus mwenyewe, kwa kuwa ndiyo imechapwa mbele ya nyingine. Nikakwama kwenye sehemu ndogo kabisa za atomi, nikaona labda akili yangu ni ya hesabu tu.

Nyumbani nako kuna jambo. Mama yangu aliona kwenye simu nukuu moja ya yule kijana: ikiwa Mungu anataka kuondoa uovu lakini hawezi, basi hana nguvu, na ikiwa anaweza lakini hataki, basi hana wema. Chini yake pameandikwa Epicurus. Mama akampelekea mzee wa kanisa, naye akamsomea Matendo ya Mitume sura ya 17, Paulo anapokutana na Waepikureo, yaani wafuasi wa Epicurus. Sasa mama anasema hao ndio watu wa "tule, tunywe, maana kesho tutakufa", na anauliza kwa nini nimewaingiza katika nyumba ambayo juzi tu ilikuwa na matanga.

Kaka yangu anakuja Desemba kutoka Ujerumani. Mzigo wake umejaa, ana nafasi ya kitabu kimoja, labda viwili vyembamba. Nimwambie alete kipi? Na lile ambalo sijamwambia mtu: nikikubali kwamba kifo si kitu, je, machozi yangu kwa baba yalikuwa ujinga? Wakati mwingine naona kama kusoma haya ni kumgeuka.

Msomaji, Tanga

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na baba.

Nimeona maswali mawili ndani ya barua yako. La wazi ni mpangilio wa vitabu: wenzako watatu wanavuta pande tatu, nawe una nafasi moja kwenye sanduku la kaka. La pili umeliweka mwishoni, nalo ni la haki yako ya kuomboleza. Nayajibu kwa pamoja, kwa sababu mtu anayetafuta faraja ya msiba na mtu anayetaka kujua atomi ni nini hawaanzii ukurasa mmoja, hata kama mwishowe watasoma kurasa zilezile.

Kwanza nikupunguzie hofu ya kukosea. Epicurus alizaliwa kisiwani Samos mwaka 341 KK, akafundisha Athens katika shamba lake lililoitwa Bustani, akafa mwaka 270 KK. Inasemwa aliandika magombo yapatayo 300. Karibu yote yamepotea. Yaliyotufikia yakiwa kamili ni barua tatu zenye mafundisho, Mafundisho Makuu 40, wosia, na barua fupi ya siku yake ya mwisho. Haya yote aliyahifadhi mwandishi mmoja, Diogenes Laertius, katika kitabu cha 10, cha mwisho, cha kazi yake juu ya maisha ya wanafalsafa. Ongeza misemo 81 iliyogunduliwa katika hati ya maktaba ya Vatican mwaka 1888, ambayo mingine ni ya wanafunzi wake, pamoja na vipande vilivyookolewa kwenye magombo ya mafunjo yaliyofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK. Ukiviacha hivyo vipande, kilichobaki hakifiki kurasa mia. Kikundi chenu kinaweza kukimaliza chote ndani ya miezi michache, kwa hiyo anayeshindwa leo kwenye kura hajanyimwa kitabu chake. Amesubirishwa tu.

Sasa hilo la akili ya hesabu. Kuchapwa mbele hakumaanishi kusomwa mbele. Herodotus huyu, ambaye si yule mwanahistoria, alikuwa mwanafunzi, na barua yake ni muhtasari wa elimu ya maumbile. Epicurus anasema mwanzoni kabisa, vifungu vya 35 na 36 (namba za vifungu vya Epicurus ni za hicho kitabu cha 10 cha Diogenes), kwamba ameubana kwa ajili ya wasioweza kupitia vitabu vyake vyote, na pia kwa ajili ya waliokwisha kwenda mbali wanaohitaji kukumbuka picha nzima. Ni maandishi ya kukumbushia, na anayeyasoma bila mwalimu hana bado cha kukumbuka. Ulipokwama, vifungu vya 56 hadi 59, huwasumbua hata wanaosoma Kigiriki. Usomaji wa kwanza viruke. Soma 35 hadi 45 upate msingi: hakuna kitokacho katika kisichokuwepo, na ulimwengu ni miili na utupu. Kisha nenda 63 hadi 68 juu ya roho, umalizie 76 hadi 83, anapoeleza kwa nini mtu asiyeelewa mambo ya angani huishi na hofu. Hivyo utaiona barua inaelekea wapi.

Wengi huanzia Barua kwa Menoeceus, nyingine kati ya zile tatu, vifungu vya 122 hadi 135. Ni kurasa chache tu, na imeandikwa ili ieleweke. Inaanza kwa kusema kijana asiahirishe falsafa wala mzee asiichoke. Inapita kwenye miungu, kifo, matamanio na raha, ikaishia kwenye majaliwa na bahati. Kwa vikao vyenu vya saa mbili, 122 hadi 127 vinatosha kikao kimoja, 127 hadi 132 cha pili, na cha tatu mmalizie na mafundisho makuu matano ya mwanzo. Kila kifungu kikishasomwa, mmoja afunge kitabu na kukieleza kwa Kiswahili, na wengine waangalie maandishi waone kilichoachwa na kilichoongezwa. Katika 127 na 128, kwa mfano, matamanio yanagawanywa mara mbili: kuna ya asili na ya bure, na katika ya asili kuna ya lazima na yasiyo ya lazima. Halafu hayo ya lazima yanagawanywa tena mara tatu: kwa furaha, kwa mwili kutosumbuka, na kwa uhai wenyewe. Anayesimulia kwa haraka hubakiza "epuka anasa", na fundisho zima linakuwa limepotea hapo. Nawe utafurahi kuona barua inavyofunga: fanya mazoezi ya haya usiku na mchana, peke yako na pamoja na aliye kama wewe.

Hatari ya kuanzia hapa ni kwamba Menoeceus anapewa hitimisho bila misingi yake. Maneno ya karatasi yako yako kifungu cha 125. Rudi nyuma kwenye 124 uone yameegemea nini: jema na baya vyote viko katika kuhisi, na kifo ni kukosa kuhisi. Kwa nini aliyekufa hahisi? Jibu haliko humo. Liko kwa Herodotus, vifungu vya 63 hadi 67, anaposema roho ni mwili wa chembe laini zilizosambaa mwilini, na mwili ukivunjika nazo hutawanyika. Asiyekubali hapo halazimiki kukubali 125. Wakili wenu ataliona hilo mara moja, na msimzuie.

Hebu sasa tuitazame ile karatasi. Hoja ya kifungu cha 125 inamhusu nani? Inamhusu mtu anayekiogopa kifo chake mwenyewe, anayejiwazia akiwa kaburini kana kwamba atakuwepo kuona giza. Haisemi lolote juu ya aliyebaki. Aliyekupa maneno hayo msibani alikutakia mema, lakini yalijibu swali ambalo hukuwa umeuliza, na sioni ajabu kwamba yaliudhi. Wewe hukulia kwa sababu baba anateseka kwa kutokuwepo. Ulilia kwa sababu wewe upo naye hayupo.

Aliyeandika kwamba kifo si kitu aliacha wosia, nao upo katika kitabu hichohicho, vifungu vya 16 hadi 21. Anaagiza mapato ya mali yake yatumike kila mwaka kwa sadaka za kumkumbuka baba yake, mama yake na ndugu zake. Anaagiza wenzake waendelee kukutana tarehe 20 ya kila mwezi kumkumbuka yeye na rafiki yake Metrodorus, aliyetangulia kufa, na watoto wa Metrodorus watunzwe, binti apewe mahari akifika umri wa kuolewa. Kifungu cha 22 ni barua ya siku yake ya mwisho. Anaumwa vibaya, jiwe limeziba mkojo, naye anasema dhidi ya maumivu yote ameweka furaha ya kukumbuka mazungumzo yao ya zamani. Katika misemo ya Vatican, wa 55 unasema misiba iponywe kwa kuwakumbuka kwa shukrani waliotutoka na kwa kutambua kwamba lililokwisha kutendeka halitenduliwi. Wa 66 unasema tuwaonee rafiki zetu huruma kwa kuwajali, si kwa maombolezo. Utauona mvutano kati ya huo wa mwisho na machozi yako, nami sitaki kuuficha.

Hapo wakili wenu anapata nguvu zaidi kuliko anavyojua. Plutarch aliandika kitabu cha kuonyesha kwamba kwa kumfuata Epicurus haiwezekani hata kuishi kwa raha. Ni mashambulizi matupu, lakini ndani yake anataja kwamba Waepikureo walibishana na wale wanaotaka mtu asiwe na huzuni wala machozi rafiki anapokufa. Walisema kutohisi uchungu kabisa hutokana na ubaya mkubwa zaidi, yaani ugumu wa moyo. Yaani ushahidi mzito kwamba walikubali machozi umehifadhiwa na adui yao. Cicero naye, katika kitabu cha 2 cha De Finibus, kazi yake juu ya maadili, vifungu vya 101 hadi 103, anaushika ule wosia na kuuliza karibu swali lako: ikiwa kifo si kitu, kwa nini uagize ukumbusho wa baada yake? Yeye anaona ni kujipinga. Wengine huona ukumbusho ni kwa faida ya walio hai, na kwamba kujua leo kuwa wenzako watakumbukana kesho ni raha ya leo. Someni pande zote mbili siku moja muone nani anawashawishi.

Ila kuanza na wapinzani kuna gharama. Kitabu cha 1 cha De Finibus, kuanzia kifungu cha 29 hadi mwisho, kina hotuba ya Torquatus, mtetezi wa Epicurus katika mazungumzo hayo, na ni maelezo safi sana ya maadili ya Epicurus kwa mpangilio ambao Epicurus mwenyewe hakutuachia. Sehemu ya urafiki, 65 hadi 70, inatoa misimamo mitatu tofauti ndani ya Waepikureo wenyewe. Lakini Torquatus ni mdomo uliotengenezwa na Cicero, na kitabu cha 2 kimekwisha kupangwa kumwangusha. Mkianza hapo, mtaingia kwa Epicurus mkiwa tayari mmeshika shitaka kwamba anaita raha vitu viwili tofauti, na kila mstari mtausoma kwa shitaka hilo. Kuna tatizo kama hilo ukifungua kitabu cha 10 cha Diogenes ukurasa wa kwanza: vifungu vya 3 hadi 8 ni rundo la kashfa, na ni katika cha 9 ndipo anaposema waliozitunga wamerukwa na akili. Kikundi kinachoishia katikati hubaki na kashfa. Mpinzani mpole kuliko wote ni Seneca. Alikuwa Mstoiko, yaani wa shule ya falsafa iliyoshindana na Waepikureo, lakini katika barua zake za mwanzo kwa Lucilius, takribani thelathini, anamnukuu Epicurus mara kwa mara na kwa heshima.

Mwalimu wenu ana haki ya kumpenda Lucretius. De Rerum Natura ni utenzi wa Kilatini wa vitabu sita, mishororo ipatayo 7,400, ulioandikwa karne ya kwanza KK, na kuna mambo huwezi kuyapata kwingine kwa urefu huo. Ule mchepuko mdogo wa atomi unaovunja mnyororo wa majaliwa haumo katika barua hata moja ya Epicurus iliyobaki. Upo kwa Lucretius, kitabu cha 2, mishororo ya 216 hadi 293. Na kuhusu Venus, jibu analo mshairi mwenyewe. Katika kitabu hichohicho cha 2, mishororo ya 655 hadi 660, anasema mtu akipenda kuiita bahari Neptune na nafaka Ceres aite tu, mradi asiichafue akili yake kwa imani mbaya. Sala ya mwanzo ni desturi ya tenzi, na Venus anasimama kwa nguvu ya uzazi na raha. Hilo halimalizi ubishi wote, wataalamu wanaendelea nao, ila linatosha kuwafungulia mlango.

Lakini pigeni hesabu. Mishororo 300 kwa kikao, vikao viwili kwa mwezi, ni zaidi ya mwaka mzima. Kitabu cha 6 kinaishia ghafla kwenye tauni ya Athens, maiti juu ya maiti, bila neno la faraja. Kwa mtu aliyefiwa karibuni, kumaliza mwaka hapo kunahitaji kujiandaa. Njia fupi ni kuchukua kitabu cha 3 peke yake, au hata mishororo ya 830 hadi 1094 tu, inayotosha kikao kimoja. Humo kuna hoja kwamba kama hatukuumizwa na vita vilivyotokea kabla hatujazaliwa, hatutaumizwa na vitakavyokuja baada yetu. Tahadhari na 894 hadi 911. Lucretius anaziiga sauti za waombolezaji, watoto hawatakukimbilia tena mlangoni, kisha anawajibu kwa ukali: ikiwa mwisho wake ni usingizi, kwa nini mtu ajikaushe kwa huzuni isiyoisha? Hapo ni mkali kuliko ule msemo wa 55. Usiusome usiku peke yako kwanza. Usome wenzako wakiwepo, na uulize kama anamjibu anayelia au anayekataa kuacha kulia. (Mwalimu wenu huenda anakumbuka kwamba Cassius, katika tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere kwa jina la Juliasi Kaizari, anamtaja Epicurus katika sehemu ya tano, kabla ya vita vya mwisho, akisema ameanza kubadili mawazo. Anaweza kuwasomea kipande hicho.)

Vitabu vya kisasa sitavipitia vyote. Kile cha Tim O'Keefe cha mwaka 2010 kinafuata hoja hatua kwa hatua na kinafaa kuwa pembeni mnapokwama. Cha Catherine Wilson cha 2019 kinauleta Uepikureo kwenye kazi, mapenzi na siasa za leo, na ni rahisi kusoma, ila ni lazima mtenganishe ya Epicurus na ya mwandishi. The Swerve cha Stephen Greenblatt cha 2011 ni hadithi ya jinsi Poggio Bracciolini, msomi wa Italia, alivyoupata utenzi wa Lucretius mwaka 1417. Ni hadithi ya kitabu, falsafa yenyewe ni kidogo, na wanahistoria wa zama za kati wamekilalamikia. Norman DeWitt, mwaka 1954, ameandika kwa mapenzi makubwa na huvutia wasomaji wapya, lakini mara nyingi anadai zaidi ya ushahidi alio nao. Kosa la kawaida la vikundi ni kusoma vitabu vya namna hii vinne na kumaliza mwaka bila kufungua barua moja.

Nukuu za mtandaoni nazo wekeni kanuni moja: isiyokuja na namba ya kifungu haijadiliwi. Ile aliyoiona mama yako haimo katika maandishi yoyote yaliyobaki ya Epicurus. Inatoka kwa Lactantius, mwandishi Mkristo wa mwanzoni mwa karne ya 4, katika kitabu chake juu ya ghadhabu ya Mungu, naye ndiye anayesema hoja hiyo ni ya Epicurus, ili aijibu. Na maneno ya "tule, tunywe" ni ya Isaya 22:13, ambayo Paulo anayarudia katika 1 Wakorintho 15:32. Epicurus, katika kifungu cha 11, anamwomba rafiki amtumie chungu kidogo cha jibini ili akitaka afanye karamu, na kwa Menoeceus anasema mkate na maji vinatoa raha ya juu kabisa kwa mwenye njaa. Mama anaweza kufurahi kusikia hayo.

Hata hivyo sikushauri umwendee mama na nusu ya habari. Epicurus hakukana kuwepo kwa miungu, lakini alikana kwamba inasimamia mambo yetu, na alikana kwamba roho huishi baada ya kifo. Mzee wa kanisa akisema hayo hayapatani na mahubiri ya Paulo, amesema kweli. Unaloweza kumwambia mama ni kwamba kusoma na kukiri ni mambo mawili. Pierre Gassendi, padri Mkatoliki wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1649 ufafanuzi mkubwa wa kitabu hiki hiki cha 10 cha Diogenes, akatetea atomi, akakataa aliyoona hayapatani na imani yake, na akafa akiwa padri. Wengine walisoma wakaacha imani. Wewe utakuwa upande gani sijui, na hulazimiki kumwahidi mama lolote kabla hujasoma. Labda lililomuumiza zaidi ni kuona simu ikihoji wema wa Mungu wakati bado anamlilia mumewe. Pengine anahitaji kuketi nawe na kusimuliwa ule wosia kuliko kushindwa kwa hoja.

Tubaki na sanduku la kaka. Kwa kitabu kimoja chembamba kinachokusanya karibu kila kitu, kuna The Epicurus Reader cha Inwood na Gerson, 1994: barua zote, mafundisho, misemo ya Vatican, na sehemu za Cicero, Lucretius na Plutarch. Udhaifu wake ni kwamba maelezo ni machache na Lucretius amekatwa vipande. Diogenes wa Loeb, mfululizo wa vitabu vya kale vyenye lugha mbili, tafsiri ya R. D. Hicks ya 1925, juzuu ya pili, ana Kigiriki upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kwa hiyo nusu ya uzito ni lugha msiyoisoma, na misemo ya Vatican haimo. Kiingereza chake ni cha kizamani, mwenzenu atachoka, na tafsiri hiyo ipo bure mtandaoni. The Hellenistic Philosophers cha Long na Sedley, 1987, kina maelezo bora kuliko vyote, lakini kimepangwa kwa mada, hivyo barua zimekatwakatwa, na Uepikureo ni sura za 4 hadi 25 tu, nyingine ni Wastoiko na wenzao. Kaka akikichukua, awe macho: juzuu ya kwanza ndiyo ya Kiingereza, ya pili ni Kigiriki na Kilatini. Kwa Lucretius, tafsiri ya A. E. Stallings ya 2007 ina vina na itampendeza mwalimu, ile ya nathari ya Martin Ferguson Smith inafuata hoja kwa karibu zaidi, na ya William Ellery Leonard ya 1916 ni ya bure ila ina maneno mengi yaliyokwisha kuachwa.

Kabla hujamjibu kaka, waulize wenzako watatu kila mmoja anataka kujua nini mwakani, usiwaulize kitabu gani. Huenda ukakuta wawili wana swali moja na majina mawili ya vitabu. Nawe uwaambie lako la baba, ukiona wanastahili kulisikia, kwa sababu litabadili mnaanzia wapi. Chochote kitakachochaguliwa, kaka afungue kitabu dukani aangalie pembeni mwa kurasa kama kuna namba za vifungu vya Diogenes na za mishororo ya Lucretius. Kisichokuwa nazo akiache, maana mkiwa na tafsiri nne tofauti, namba hizo ndizo zitakazowaweka wote mahali pamoja.

Mama Mshauri